Nilivyobadilisha karatasi ya matangazo ya usharika, na waumini walivyonijia juu

Jumapili ile nilisimama mlangoni mwenyewe kugawa karatasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikwenda kulala saa nane usiku kwa ajili yake, na kila nikiitazama ile kazi mkononi nilijisikia vizuri. Lakini kabla hata mahubiri hayajaanza nikaona watu wanaigeuzageuza: mbele, nyuma, ndani, tena mbele. Bibi mmoja wa benchi la pili aliikunja, akaichomeka kwenye kitabu cha nyimbo, basi. Tulipotoka akanishika mkono. "Mwanangu, mbona leo matangazo ya ndoa hamkuweka?"

Yalikuwepo. Yalikuwa ukurasa wa tatu, safu ya katikati, chini ya ratiba ya kwaya. Ila miaka yote bibi yule ameyasoma ukurasa wa nyuma, juu kabisa, na wiki hiyo mjukuu wake alikuwa anatangazwa mara ya pili. Ndoa kwetu inatangazwa Jumapili tatu ili mwenye pingamizi alilete. Kulificha tangazo la namna hiyo si jambo dogo, na iliniuma.

Niseme ilivyokuwa mwanzo. Karatasi yetu ni A4 moja iliyokunjwa katikati, inatoa kurasa nne. Niliyempokea kazi aliitengeneza vilevile kwa miaka mingi: Times New Roman, fremu nene kila tangazo, kila kitu kimebanana. Niliona inazeesha usharika. Nikamwendea kijana mmoja anayetengeneza kadi za harusi, naye akanipa ushauri ambao mpaka leo ukinijia nakasirika. Weka safu tatu, alisema. Herufi ndogo, rangi ya kijivu, acha nafasi nyeupe ili karatasi ipumue. Kwenye kioo cha kompyuta yake ilipendeza kweli.

Sasa ukurasa ambao ni nusu ya A4 una upana wa milimita 148. Toa pembeni, gawa kwa tatu, unabaki na safu ya kama sentimita 4. Kiswahili hakikai humo! Neno kama "wanakumbushwa" au "hawajakamilisha" linameza nusu ya mstari peke yake, na kwa kuwa nilinyoosha kingo zote mbili, kompyuta ikawa inasukuma maneno yaachane mpaka katikati kukawa na mashimo. Nikawasha ile ya kukata maneno mwishoni mwa mstari. Ikakata kwa kanuni za Kiingereza: "sham-" juu, "ba" chini. Silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu, mtu aliyesoma sha-mba tangu darasa la kwanza akikutana na kitu hicho anajikwaa. Ukiandika Kiswahili, izime hiyo kabisa.

Kijivu nacho kiliharibikia steshenari. Mashine ya fotokopi ina wino mweusi tu, kijivu inakipata kwa kutawanya vidoto. Kwenye herufi kubwa huoni tatizo. Kwenye herufi za ukubwa wa 9 vile vidoto vinakula kingo, na "e" na "c" zinafanana. Nilitoa nakala 300 na ushee, pesa ikawa imeshakwenda.

Waliosifia walikuwepo. Vijana kadhaa walinitumia ujumbe, "imependeza sana dada." Nikajipa moyo siku mbili nzima, mpaka nilipogundua kwamba hao wote matangazo wanayasoma kwenye kundi la WhatsApp, karatasi hawachukui. Wanaoitegemea ni watu wazima, na macho ya karibu huanza kusumbua kwenye miaka 40 hivi. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole, "Binti, umetuhamisha nyumba usiku tukiwa tumelala." Sijapata maelezo bora kuliko hayo.

Nilitaka kurudisha ya zamani yote kama ilivyokuwa. Kilichonizuia ni karatasi zilizobaki kwenye mabenchi.

Huwa nazikusanya baada ya ibada ya pili, natupa. Siku hiyo nilikaa nikazitazama moja moja. Za wiki za nyuma nilikuwa nazo chache kwenye droo, karibu zote zimekunjwa tena kwa urefu, ukurasa wa nyuma ukiwa nje, na pale kwenye ndoa na mapato pana alama ya jasho la kidole gumba. Watu walikuwa wanashika pale! Hizi mpya zilikuwa zimekunjwa kila namna, nyingine mara nne, nyingine hazijakunjwa kabisa. Mkono ulikosa pa kwenda.

Wiki iliyofuata nikachukua karatasi ya zamani na mpya, nikawa nawaendea akina mama wanaosubiri kikao cha umoja wao. "Shikamoo mama. Naomba unisaidie, nitafutie jumuiya yenu inakutana kwa nani." Sikusema ninapima nini. Simu ilikuwa mfukoni inahesabu. Kwenye ya zamani waliipata mara moja, wengine kabla hata ya kuvaa miwani vizuri. Kwenye mpya mama mmoja alitafuta dakika nzima, akanirudishia: "Nisomee wewe." Niliwauliza watu tisa. Usimwulize mtu kama karatasi ni nzuri, atakujibu kwa adabu. Mpe kazi ya kutafuta kitu, halafu nyamaza.

Basi ndoa nikazirudisha juu ukurasa wa nyuma, mapato chini yake. Kila kitu mahali pake pa zamani. Nilichobadilisha ni kilichokuwa kibaya kweli: fremu nikaziondoa, nikaacha mstari mmoja mwembamba kati ya tangazo na tangazo, safu moja tu, herufi nyeusi za ukubwa wa 13, maneno yaanzie kushoto na kulia yaishie yanapoishia. Nafasi nilipata kwa kufupisha. "Wanajumuiya wote mnaombwa na kukumbushwa kuhudhuria bila kukosa" ikawa "Wote mfike." Hapo mchungaji alinitetea kikaoni, namshukuru.

Na sikuleta kwa mkupuo. Jumapili moja fremu, nyingine herufi, na mabadiliko ya wiki nikayaandika mstari mmoja ukurasa wa mbele. Ilichukua kama miezi miwili. Ratiba ya jumuiya ndiyo ilinisumbua zaidi, nimeijaribu mara tatu, sasa naipanga kwa mtaa badala ya jina la jumuiya.

Mjukuu wa bibi alifunga ndoa, nilialikwa. Jumapili iliyopita bibi alipokea karatasi mlangoni, akaikunja kwa urefu hapohapo amesimama, ukurasa wa nyuma nje, gumba juu ya mapato. Akasoma huku anaelekea benchi la pili.