Pimbi kumi na mmoja wa Ntyuka

Jamani, asubuhi ya leo imenikalisha juu ya jiwe saa nzima!

Tangu mwaka jana, kila Jumamosi napanda vilima vya Ntyuka, hapa Dodoma, na darubini na daftari. Naandika tarehe, saa, idadi.

Leo jua limetoka tu, wakaanza kuchomoza. Pimbi kumi na mmoja, wamebanana kwenye jiwe moja wakiota jua. Mmoja akabaki juu peke yake, analinda.

Kisha kitoto kikapanda mgongoni mwa mama yake, kikajikunja, kikalala.
Nilimwona mama akitulia kabisa asikiamshe. Hata kupumua nilipumua polepole.

Mnyama mdogo hivi, kumbe ndugu wa tembo! Mimba yake ni miezi saba hivi, na mtoto huzaliwa macho wazi.

Nimepandisha picha iNaturalist, tovuti ya kuweka kumbukumbu za wanyama na mimea. Mji unapanuka kila upande, na kumbukumbu kama hizi huwaonyesha watafiti wanyama bado wako wapi. Nyumba mpya zimeshafika chini ya kilima. Roho inaniuma.

Mlioko Kondoa, Mpwapwa, Manyoni: kwenu pimbi bado wapo?
Na Wagogo, bibi zenu wanamwitaje?