Bwana huutazama moyo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii nimeshikwa na 1 Samweli 16:7: "wanadamu huitazama sura ya nje, bali BWANA huutazama moyo." Vijana wetu wa chuo hapa Mbeya wameuliza: hizi roboti zinazotengenezwa kukaa na wazee na wagonjwa, zinawaelewa kweli?

Kamera ya roboti huitafuta sura ya mtu, huweka alama kwenye nyusi, macho na pembe za mdomo, kisha programu hupima jinsi alama hizo zilivyokaa. Huzilinganisha na picha ilizofundishwa na kukadiria: furaha kiasi hiki, huzuni kiasi hiki. Kilichozidi ndicho kinachoamua roboti iseme nini. Roboti Paro ya Japani, yenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini, ina vihisio, yaani vifaa vya kuhisi mguso, chini ya manyoya. Ikipapaswa baada ya kufanya jambo, hujaribu kulirudia, ikipigwa huliepuka. Huko ndiko kumzoea mtu kwake.

Kwetu mambo yanaharibika mapema. Binti wa Rungwe akimsalimu mkubwa huinamisha macho kwa heshima. Roboti inayopima usikivu kwa kuangalia kichwa na macho vimeelekea wapi itaona hasikilizi. Mama aliyefiwa akimpokea mgeni kwa tabasamu, itahesabu furaha. Tena mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa sura: kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Walionyesha pia kwamba mikusanyo ya picha iliyozoeleka kutumika ilijaa sura za weupe.

Mwanafalsafa Martin Buber, mwaka 1923, alitenganisha kukutana na mtu kama nafsi na kumshughulikia kama kitu. Hapo ndipo panaponiuma, maana mashine inafanya ilichofundishwa, lakini sisi tuna Roho wa Mungu! Tunaingia kwa mjane, "Pole mama, Mungu ni mwema," pambio moja, sala ya haraka, tunaandika kwenye daftari la jumuiya kwamba ametembelewa, tunaondoka. Ametabasamu, nasi tumehesabu furaha. Ndugu zangu, hapana. Warumi 12:15 inatuambia tulie pamoja nao waliao. Utaliaje naye kama hujui kinachomliza?

Basi mkienda Uyole au Tukuyu wiki hii, nendeni wawili, msijaze chumba. Kaeni chini. Msianze na pambio. Muulizeni amelalaje, jana alikula nini, dawa za presha zimebaki za siku ngapi, nani anamchotea maji. Tupieni jicho kuni jikoni, maana baridi ya huku haina huruma kwa mzee. Akisema "sijambo tu," subirini kidogo, mumwulize tena. Akinyamaza, nyamazeni naye. Msiharakishe kumsomea mistari. Sala ije mwisho, imtaje kwa jina, na iombe yaleyale aliyoyasema.