Viungo Vikavu Kabla ya Makaa

Hapa Nairobi tumezoea nyama choma ya chumvi pekee, na kwa mbavu za mbuzi sina pingamizi. Lakini kipande kinene cha steki ya ng'ombe, kama kile ninachonunua soko la Burma, kinastahili kupakwa viungo vikavu mapema. Mimi huikausha nyama kwa kitambaa safi, kisha huisugua kwa chumvi, pilipili manga iliyotwangwa bila kulainika sana, jira iliyokaangwa kidogo bila mafuta, na unga wa kitunguu saumu. Chumvi huvuta maji hadi juu, nyama ikang'aa kwa matone, na baada ya dakika 40 hivi maji hayo hurudi ndani yakiwa yamebeba chumvi. Sukari siiweki kabisa, kwa kuwa huungua upesi juu ya makaa makali na kuacha uchungu.