Likizo ya Agosti

Juzi binti yangu aliniuliza kama mimi nilishawahi kukosa shule bila kuumwa. Ana sababu zake. Shangazi yake anaolewa Mbeya katikati ya muhula, na mwalimu wa darasa ameshatutumia wazazi ujumbe kwamba ruhusa hakuna. Nikamjibu ndiyo, nilikosa, tena aliyenitoa shule ni babu yake. Hakuamini. Babu anayemjua yeye ni yule ambaye akija kututembelea, kabla hata hajanywa chai anaomba aletewe madaftari.

Ilikuwa 2003, niko darasa la tano, Morogoro. Baba alikuwa mhasibu serikalini, na mtumishi hulipwa nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili, yeye na familia. Bila nauli ile Kirando, kwao Baba kando ya Ziwa Tanganyika, tungeishia kuiona kwenye ramani. Tatizo lilikuwa mwezi. Juni shule zinafunga, lakini ndipo serikali nayo inafunga hesabu za mwaka, na hakuna bosi wa kumwachia mhasibu aondoke wakati huo. Desemba shule zinafunga tena, lakini mvua ndiyo zinakolea, na huko mbele ya Kilosa kuelekea Gulwe maji yakija huwa yanaondoka na reli. Ikabaki Agosti, shule imepamba moto.

Mama hakutaka kabisa. Hakuwa na wasiwasi na masomo yangu, alikuwa anaogopa treni. Mwaka mmoja tu nyuma, Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima kule Igandu, Dodoma, ikarudi nyuma bila breki mpaka ikagongana na treni ya mizigo. Watu zaidi ya 280 walikufa. Mama alikuwa bado hawezi kusikia honi ya treni usiku akarudi kulala. Baba hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mama yangu sijamwona tangu huyu hajazaliwa," na Mama akaanza kutafuta sufuria ya kukaangia karanga.

Shuleni ikawa kazi zaidi. Nilisimama mlangoni mwa ofisi nikimsikia mwalimu mkuu anauliza, "Bibi yake anaumwa, mzee?" Baba angeweza kusema anaumwa, mambo yakaisha pale pale. Akasema, "Hapana mwalimu, ni mzima. Ndiyo maana nataka amwone sasa." Kesho yake akarudi na barua iliyopigwa chapa, ina muhuri wa ofisi yake. Ruhusa ikatoka.

Safari ya treni naiweza kwa maneno machache: vumbi, chapati za Mama zilizokauka, asali ya Tabora kwenye chupa za maji, watu wa Uvinza wakitupungia na vifurushi vya chumvi. Kigoma tukaisubiri meli. Liemba haikuwa daladala, ikishaondoka ndiyo imeondoka, na siku zangu nyingi za kukosa shule zililiwa na kuisubiri, kwenda na kurudi. Baba alinisimulia habari zake tukiwa tumeegemea chuma cha ubavuni. Wajerumani waliiunda kwao 1913, wakaifungua vipande, ikaletwa Kigoma kuungwa upya. 1916 walipoona wanazidiwa vitani waliizamisha wenyewe ziwani, lakini kwanza mafundi wakapaka injini grisi nene. Waingereza walipoiibua 1924 wakaikuta bado inafaa. Nilimuuliza waliipakia grisi ya nini kama walikuwa wanaitupa. Akanitazama akasema, "Hilo ndilo swali."

Lakini ninachotaka kusimulia hasa ni kushuka.

Kirando wakati ule meli haikufika ufukweni. Ilisimama majini, usiku wa pili wa safari, ikapiga honi moja ndefu iliyonitetemesha mpaka meno. Kimya kidogo. Halafu kutoka gizani zikaanza kuja taa, moja, mbili, kisha nyingi, nikasikia na makasia na watu wanaitana. Ni mitumbwi na boti za mbao, zinakimbizana kuwahi ubavu wa meli. Chini kabisa kuna mlango wa chuma, umefunguliwa, na mlangoni pale palikuwa sokoni: magunia ya dagaa yanapanda, mabati na kreti za soda zinashuka, mama mmoja ana kuku wawili wamefungwa miguu na mtoto mgongoni, anapiga kelele kwamba boti yake ndiyo ile, ile, si hiyo. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka. Boti ikija juu inakaribia kizingiti, ikishuka inaacha shimo jeusi kati yake na meli.

Baba alininyanyua kwapani. Mikono yake sikuwahi kuisikia imebana namna ile. Chini kwenye boti alisimama kijana kifua wazi, mguu mmoja juu ya ubao, mikono ameinyoosha. "Mlete mtoto! Mlete, mzee!" Baba hakuniachia. Boti ikapanda, ikashuka. Ikapanda tena, ikashuka. Nyuma watu wanasukuma, mtu anatukana. Nikageuza shingo nikamwona usoni kwenye mwanga wa taa ya karabai, jasho linamtiririka, na nikaelewa kwamba baba yangu anaogopa. Sikuwa najua kwamba huwa anaogopa. Boti ikapanda mara ya tatu, yule kijana akasema kwa sauti ya chini kabisa, kama vile yuko na Baba peke yao, "Mwachie, mzee. Nimeshamshika." Na kweli mikono yake ilikuwa tayari kwenye kiuno changu. Baba akaachia.

Yule kijana alikuwa baba yangu mdogo. Hawakuwa wametambuana.

Kwa Bibi nilikaa vizuri, nilikula migebuka, nilijifunza kuogelea. Niliporudi Morogoro darasa lilikuwa limeshamaliza sehemu, limeingia desimali, na mimi nikapotea humo mpaka darasa la sita. Hasara ile ilikuwa ya kweli, na mwalimu wa hesabu, mtu mwema aliyekuwa akinibakiza mapumziko anifundishe, hakunificha.

Aliyenisaidia zaidi ni msichana niliyekaa naye dawati moja. Alinipa madaftari yake yote. Yeye pia alikuwa amekosa shule mwaka ule, mwezi wa pili, zaidi ya wiki nzima, yuko Mlali na mama yake wanapanda mahindi. Aliporudi alisimamishwa mbele ya darasa akachapwa viboko kwa utoro. Mimi niliporudi nilisimamishwa mbele ya darasa, pale pale, niwasimulie wenzangu habari za ziwa na meli. Nilisimulia mpaka kengele ikalia. Yeye alipiga makofi kuliko wote.

Baba alifanya sawa, hilo nalisema bila kusita. Desimali nilizikuta mbele ya safari, ila usiku ule mlangoni mwa Liemba usingenisubiri mpaka Desemba. Lakini yule mama wa Mlali naye, angefanya nini? Mvua ya kupandia haijui mihula, na mikono nyumbani ilikuwa minne tu. Tofauti yake na Baba ilikuwa ni muhuri.

Binti yangu nitamwandikia barua, na najua itakubaliwa, maana najua barua ya namna hiyo inavyoandikwa. Darasani kwake wako watoto ambao kila msimu wa kupanda hawaonekani, na wakirudi wanaulizwa walikuwa wapi kwa sauti ninayoikumbuka. Nataka kulisema hili kwenye kikao cha wazazi. Mume wangu anasema walimu watanielewa kwamba natetea utoro, na huenda ni kweli, maana kila nikijaribu kulipanga mdomoni linatoka hivyo hivyo.