Laptopu yangu iliponiita mwizi mbele ya mteja

Jumatatu moja ya Oktoba mwaka jana, saa tatu na nusu asubuhi, steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga, ilikuwa imejaa. Wanafunzi wanataka kopi, mama mmoja anataka fomu ya mkopo iprintiwe, na mzee mmoja mstaafu wa bandari kaja kuchapiwa barua ya kufuatilia kiwanja. Mzee hana haraka. Kavuta kiti, kakaa karibu yangu, anaifuata kila herufi ninayoichapa. Nimefika kwenye "YAH:", dirisha likatokea katikati ya barua kwa Kiingereza: leseni yako ya Windows inakaribia kuisha.

Mzee akalisoma lote, polepole, kwa sauti ya msikitini.

"Mwanangu, hii mashine ya wizi?"

Duka zima likageuka. Mimi ndiye yule dada mwenye karatasi ukutani inayosema hatutoi kopi za vyeti vya kughushi. Nikajibu, "Si ya wizi baba, nimeinunua dukani mpya," lakini ulimi ulikuwa mzito. Na kweli nimeinunua mpya, 2021, Dar es Salaam, na Windows yake ndani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Maandishi yake yamefifia kama risiti zote za EFD, ila niliitolea kopi mapema. Ndiyo kazi yangu.

Nilipofunga duka jioni nikaanza kuhangaika. Kwanza nikaangalia saa na tarehe, maana kompyuta ikikosea tarehe huwa inashindwa kuelewana na seva nyingi. Tarehe ilikuwa sahihi. Nikaigeuza laptopu kutafuta namba ya leseni. Hakuna. Enzi za Windows 7 zile herufi na tarakimu 25 ziliandikwa kwenye stika chini ya mashine, na ukiiweka mapajani mwaka mzima zinafutika. Mashine mpya stika yake ni pambo tu.

Nikajipa moyo kwamba labda kosa ni la huko huko leseni zinakotoka. Si jambo geni: Agosti 2007 seva za Microsoft za kuhakiki uhalali zilikosea, na watu wenye Windows XP na Vista halali kabisa wakaambiwa nakala zao si halali, ikachukua saa kama 19 kurekebishwa. Nikasubiri kesho. Kesho ikaja na onyo lile lile.

Mpwa wangu anayesoma chuo ndiye aliyenitoa gizani, kwa simu. Akaniambia, "Shangazi, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika slmgr /dli, unisomee." Nikamsomea. Kwenye maelezo kulikuwa na neno VOLUME_KMSCLIENT. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. Kwa laptopu iliyotoka kiwandani na Windows yake, pale panatakiwa pawe OEM_DM, yaani leseni iliyowekwa kiwandani.

KMS ni utaratibu wa makampuni makubwa. Kampuni inakuwa na seva yake ndani, na kompyuta za ofisi zinaomba uhalali kwenye seva hiyo badala ya kila moja kwenda Microsoft. Ili seva hiyo ianze kuzihalalisha kompyuta za kawaida, lazima zifike 25. Mimi nina mbili, na ya pili hata herufi A haibonyezeki. Uhalali wa KMS unadumu siku 180, na kompyuta inajaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Ndiyo maana nilipobonyeza kitufe cha kuhalalisha nilikuwa napata 0xC004F074: mashine inaitafuta seva ya kampuni ambayo haipo, wala sijawahi kufanya kazi huko.

Nikaandika amri nyingine, slmgr /xpr, inayotaja siku ya mwisho. Ikaleta 10/11/2025. Nikashusha pumzi, nikadhani nina mwezi mzima hadi 10 Novemba. Kumbe mashine inaandika Kimarekani, mwezi unatangulia. Ilikuwa 11 Oktoba, Jumamosi ya wiki ile ile.

Nikachukua kalenda na kuhesabu siku 180 kurudi nyuma. Ikaangukia 14 Aprili. Nikafungua daftari la matumizi, nikakuta nimeandika kwa mkono wangu: 14/4, fundi, kupiga Windows, 20,000.

Nikakumbuka yote. Ilikuwa wiki mbili baada ya Idd. Flashi za wateja zilikuwa zimeniletea kirusi kile kinachogeuza mafaili kuwa shotikati, nikampelekea fundi mmoja mjini. Akairudisha safi, akaniambia, "Dada, nimekuwekea Windows Pro, ile Home ya kwako haina hadhi." Nikamshukuru! Laptopu yenye leseni ya kulipia alikuwa ameipiga Windows toleo jingine kwa flashi yake, akaihalalisha kwa programu ya kukraki inayojifanya ndiyo hiyo seva ya KMS. Na ili programu hiyo ifanye kazi, alikuwa ameiambia antivairasi isilikague folda lake. Miezi sita flashi za Tanga nzima zinaingia kwenye mashine yangu yenye mlango mmoja usiofungwa.

Leseni yangu haikuwa imeenda popote. Mashine za kuanzia Windows 8 namba yake huandikwa kiwandani kwenye bodi yenyewe, na kufomati diski hakuifuti. Mpwa akanipa amri hii: wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey. Ikatoka, herufi na tarakimu 25. Usimtumie mtu picha yake.

Namba hiyo ni ya Home, na Windows iliyomo ni Pro, kwa hiyo kuibandika tu haisaidii. Na huwezi kuishusha Pro iwe Home hivi hivi bila kuanza upya. Nikahamishia kazi za wateja kwenye diski ya nje, nikanunua bando, nikapakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft kwenye flashi ya GB 8. Nikachukua Windows 11 moja kwa moja, kwa kuwa msaada wa bure wa Windows 10 ulikuwa unaisha 14 Oktoba, na leseni ile ile inaikubali. Bando lilikatika likiwa limefika asilimia 80, sitaki kulizungumzia.

Wakati wa kuipiga haikuniuliza Home au Pro. Iliisoma bodi yenyewe. Nilipounganisha intaneti nikaandika tena slmgr /dli: OEM_DM, Licensed. Nikampigia mpwa saa sita usiku, hakupokea.

Fundi nilimwendea kesho yake. Hakukasirika wala hakuomba radhi. "Dada, mimi flashi yangu moja, wote nawapiga hiyo hiyo." Hata hakuwa ameangalia kama mashine ina leseni yake.

Sasa sehemu inayoniuma. Microsoft Office iliyokuwemo, yenye Word ya kuchapia barua, nayo ilikuwa ya fundi, na hiyo sikuwahi kuilipia. Kwa sasa natumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, ingawa barua za wateja zikija zimeshaandikwa kwa Word mistari inaruka na inabidi nizinyooshe. Na ile fonti yangu ya kadi za harusi, yenye mikia mirefu ambayo maharusi wote wa Makorora wanaitaka, nilipoitafuta ili niirudishe nikakuta inauzwa. Miaka minne nimeitumia. Mzee wa bandari alipokuja kuchukua barua yake akaangalia skrini, hakuona onyo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi sikumwambia habari ya fonti.