Sataranji yangu ina mzimu, nikauziwa RAM

Wiki tatu nzima programu yangu ya sataranji ilinitia wazimu. Kete zilezile, mahali palepale: nikiiwasha inasogeza farasi, nikiiwasha tena inatoa malkia bure. Fundi mmoja akaniambia bila hata kupepesa macho, "Kaka, hiyo RAM, kumbukumbu ya kompyuta, imekufa." Nikatoa elfu tisini na kitu. RAM mpya, upuuzi uleule.

Nikazima nyuzi zote (kazi ambazo programu huendesha kwa pamoja) nikaacha moja, nikawa nasafisha kila mara jedwali la hashi, daftari lake la nafasi ilizokwisha kuchambua. Badala ya kuipa sekunde tano za kufikiri, nikaipa kina cha hatua sita, maana ukiipa muda, kompyuta yenye kazi nyingine haifiki mbali. Wapi!

Ikabaki perft, yaani kuhesabu njia zote za kucheza tangu mwanzo wa mchezo, kwa hatua moja, mbili, hadi tano. Majibu yake yanajulikana: 20, 400, 8,902, 197,281, halafu 4,865,609. Zangu nne za kwanza safi kabisa. Ya tano inazidi, na kila nikiendesha inazidi kivyake. Nikaingia na gdb, chombo cha kuchungulia programu inapokimbia, nimkamate mwizi: hesabu ikatoka sahihi! Nikitoka, inaharibika. Nikirudi, imetulia kama mtoto mbele ya babu yake. Usiku ule nililala na viatu.

Kumbe gdb huizuia Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, isichanganye anwani za kumbukumbu kila programu inapowashwa. Nikaandika `set disable-randomization off`, mzimu ukatokea humohumo ndani. Hapo nikajua nasoma takataka za kumbukumbu, mahali ambapo sikuandika kitu, ndiyo maana majibu yanabadilika anwani zikibadilika. Na hatua ya tano ndiyo ya kwanza ambapo askari anaweza kumla askari wa adui aliyempita kwa kuruka nyumba mbili. Nikakimbilia sehemu ya kurudisha hatua. Kete iliyoliwa nimehifadhi, haki ya mfalme kubadilishana na ngome nimehifadhi, safu ya askari aliyeruka nimesahau! Nikirudisha, napachika chochote kilichobaki kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya programu. Ikiangukia kati ya 0 na 7, namba za safu nane za ubao, mtu analiwa ambaye hayupo.

Mstari mmoja. Baadaye, kwa hasira tu, nikapitisha toleo bovu kwenye Valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu, ikanitajia mahali penyewe kabla chai haijapoa. Wote waliokuwa wananishauri, hakuna aliyeitaja.

RAM bado imo ndani. Fundi anasema ndiyo iliyotibu.