Bajaga i Instruktori: anzia hapa

Hii ni bendi ya rock iliyoanzia Belgrade, enzi za Yugoslavia. Kwanza jina: J ya Kiserbia ni Y yetu, kwa hiyo sema "Bayaga". Hilo ni jina la utani la Momčilo Bajagić, aliyekuwa mpiga gita wa Riblja Čorba, bendi nyingine ya rock ya Belgrade. Mwaka 1984 alitoa albamu ya pembeni, Pozitivna geografija, na mwaka huohuo akatemwa Riblja Čorba. Ukiitafuta albamu hiyo kwa jina refu la bendi unaweza kuikosa, maana kwenye jalada ni "Bajaga" tu.

Bendi kamili utaisikia 1985, Sa druge strane jastuka, yaani "upande wa pili wa mto" (mto wa kulalia, si wa maji!). Vaa hedifoni: kando ya Bajaga kuna waimbaji wengine wawili, Dejan Cukić na Žika Milenković, na vinanda vya Saša Lokner vinajaza pale ambapo bendi nyingine zingerundika magita. Mwaka huo walipiga Moscow pamoja na Bijelo Dugme, bendi nyingine ya rock ya Yugoslavia, kwenye tamasha la vijana wa dunia. Cukić alikuja kuondoka akaunda Spori Ritam Band.

Jahači magle (1986) ni nzuri, ila kwangu kilele ni Prodavnica tajni, "duka la siri", ya 1988. Halafu Yugoslavia ikavunjika, na soko lao la kuanzia Slovenia hadi Macedonia likakatika vipandevipande. Muzika na struju, "muziki wa umeme", ilitoka 1993 katikati ya vikwazo vya kimataifa na mfumuko wa bei. Usiiruke.